Kwa Mama Paskali Hatubishi Hodi

Kila nikitaka kusema jambo la maana, kumbukumbu inayotangulia ni ya jogoo mwekundu wa bibi yangu. Hainisaidii chochote, lakini nikiifukuza inakaa mlangoni na kuzizuia nyingine zisiingie. Kwa hiyo, mwanangu, vumilia kwanza jogoo.

Nakumbuka siku hiyo nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya bado hayajaota. Kwetu Mbuba akaja mtu kutoka upande wa Biharamulo, muuza chumvi na samaki wakavu, rafiki wa marehemu babu. Jogoo yule tulimlea sisi watoto tangu akiwa kifaranga, tukimpa kumbikumbi kwa mkono, na alikuwa anatufuata mpaka kisimani kama mbwa. Bibi alimwona mgeni akiwa bado mbali kule mteremkoni. Alishika kisu tu. Tulipoanza kulia alitufinya, akatuambia tulie kimyakimya, kwa maana mgeni akisikia watoto wanamlilia jogoo nyama itamkwama kooni na aibu itakuwa yetu. Mgeni akala, firigisi akapewa yeye, akausifu mchuzi, akalala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yule bwana alikuwa mtu mwenye adabu, asubuhi ya tatu aliliomba jembe mwenyewe. Unajua bibi alifanya nini? Alilificha jembe chini ya kitanda. Akamwambia nyumba yake haijafikia hapo.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akishabisha hodi, na wewe ukaitika karibu, basi amekuwa mkubwa kuliko wewe hata kama ni mtoto wa juzi. Hakoki moto, hateki maji. Anakaa kwenye kiti kizuri, na kama kizuri hakipo anakaa kwenye kibovu kilichofunikwa kitambaa, na wewe hutulii mpaka mdomo wake umepata kitu. Njaa kwetu inauma, sikatai, nimeionja. Lakini aibu ya kumwacha mgeni aondoke mkavu inauma kuliko njaa. Shika hilo. Nitalirudia mbele, na nikisahau, rudi wewe mwenyewe huku juu ulisome tena.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu, mimi niliyeacha shule mapema kwa sababu ya mbuzi wa baba. Padri aliniambia juzi kwamba nyinyi vijana wa parokia mmeunda kikundi. Mnataka kwenda kwenye nyumba zenye watoto wenye ulemavu, mkae na mtoto kutwa, mama yake apumzike. Nilifurahi mpaka nikasahau fimbo yangu kanisani. Kisha nikasikia mmeshashona sare. Hapo ndipo jogoo alipowika kichwani mwangu.

Mwanangu, kazi hiyo tuliifanya kabla hujazaliwa, miaka ile ya wakimbizi. Kambi ya Benaco, jirani na kwetu, ilikuwa na watu kama nyasi. Ukisimama kilimani kwetu jioni upepo ukigeuka, ulisikia kambi inavuma kama mzinga. Malori yalipita mchana kutwa, vumbi likakaa juu ya majani ya migomba mpaka ndizi zikawa na rangi ya matofali. Miti iliisha vilimani. Watu wetu wengine walipata kazi kambini, wengine walipata wezi wa mbuzi, na wapo waliopata vyote viwili. Mimi nilikuwa nimeoa karibuni, najiona mtu mzima, na nilikuwa na shati moja jeupe la kanisani nililolipenda kuliko ilivyofaa.

Ng'ambo ya kijito chetu alikaa mwanamke tuliyemwita Mama Paskali. Mumewe alifuata kazi ya ulinzi kambini, akawa anaonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Mtoto wao Paskali alikuwa na umri wa kwenda shule, lakini shingo yake haikukaza tangu azaliwe. Hakukaa, hakusema. Chakula alilishwa kidogokidogo, kichwa kimeegemezwa kwenye mkono, la sivyo angepaliwa. Lakini alikuwa anajua kucheka. Jembe likigonga jiwe, kwaa, Paskali alicheka mpaka mwili mzima ukatikisika. Ndizo habari zake, na ukimwona ulimpenda.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanguka na shamba la maharage la Mama Paskali lilikuwa bado nyasi. Kumbeba mtoto mgongoni alikuwa ameshindwa, kwa maana Paskali amekuwa mrefu na akijinyoosha anakuwa mgumu kama mti. Mwanzoni alimlaza ndani kwenye mkeka, anafunga mlango, anakimbia kulima kidogo na kurudi. Siku moja alirudi akakuta siafu. Walikuwa wameanza miguuni. Tangu siku hiyo hakutoka tena, na mvua haimngoji mtu. Msaada wa mahindi ulikuwa wa wakimbizi, mwenyeji alikuwa na shamba lake na Mungu wake. Mvua ile ikipita hajapanda, yeye na mtoto wake watakula nini? Kila mtu pale kijijini aliijua hesabu hiyo.

Basi jumuiya yetu ya kanisa ikaamka. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja anaitwa Yustina, mwili mkubwa, sauti kama kengele ya misa ya kwanza, moyo kama sauti. Akasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sisi tunaupita kila siku tunauona mwepesi. Kila Jumatano tutakwenda kumshikia Mama Paskali mtoto, yeye aende shamba, au alale, atakavyo. Tukakubali wote. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya kanisa, tulivaa nguo za kanisani. Mimi nikavaa lile shati.

Jumatano ya kwanza tulifika kwa wimbo. Hodi, hodi. Naye akatoka mbio akijifuta mikono, karibuni, karibuni sana. Uwanja umefagiliwa. Viti vimeazimwa kwa jirani. Tukakaa. Tukapokezana Paskali mapajani kama mtoto wa ubatizo, naye akalia kwa sababu hakutujua na nyimbo zetu zilikuwa na kelele. Tukamwambia mama yake aende shamba. Akasema atakwenda, atakwenda, ngoja kidogo. Ngoja kidogo ikatoka jikoni na sinia la ndizi na maharage. Tukala. Tukasali rozari, tukaaga, tukaondoka tunanukia wema. Jumapili Padri akatutangaza, watu wakatupigia makofi.

Jumatano ya pili ikawa hivyo, na iliyofuata. Mara moja alitupatia hata urwagwa, pombe yetu ya ndizi, sijui aliipata wapi. Nyasi za shambani zikapanda magotini. Tukasema kwa huruma kwamba Mama Paskali amechoka sana siku hizi, hata shamba limemshinda, tumwombee. Hatukuwa watu wabaya, mwanangu. Tulikuwa wageni tu.

Sasa nimlete Mzee Anastazi. Alikuwa mkimbizi, mzee mwembamba wa kutoka Rwanda, anayetafuta kuni huku kwetu kwa sababu karibu na kambi hazikuwepo tena. Lugha yake na Kihangaza chetu ni ndugu, tulielewana. Siku moja alipita kwa Mama Paskali kuomba maji, akamwona mtoto, akautua mzigo wa kuni, akakaa chini. Alikuwa na binti wa namna ileile. Alimbeba mgongoni njia yote ya kukimbia, akamvusha mpaka, kisha akamzika kambini miezi ya mwanzo kwa ugonjwa wa kuhara. Alilisema mara moja tu, na hakuna aliyemwuliza tena. Tangu hapo kila akija kuni alipitia pale, anamkalisha Paskali mapajani, anamsimulia mambo ya ng'ombe aliokuwa nao. Hakuwa mtu mpole, nisije nikakudanganya. Alikuwa na ulimi kama upupu.

Jumatano moja akatukuta tunakula. Hakuja mbele. Alikuja kwa nyuma, kupitia migombani, kama kawaida yake, akatokea upande wa jiko. Pale kwenye shina la mgomba akasimama, akainama, akaangalia chini. Palikuwa pamemwagwa maji ya kuoshea maharage, na maji yale yalikuwa ya kijivu. Ya majivu.

Wewe umekulia kwenye dawa za dukani, labda hujui. Sisi maharage ya kula tunayaweka hivihivi. Yanayochanganywa na majivu, yakafungiwa kwenye chungu, wadudu wasiyaguse, ni ya mbegu. Chungu hicho hakifunguliwi kwa njaa. Watu wamelala na njaa na chungu hicho kipo chini ya kitanda.

Mzee Anastazi akaokota punje moja, akaisugua kwa kidole, akaja nayo mpaka tulipokaa. Akamwuliza Mama Paskali maharage haya yametoka chungu gani. Mama Paskali akasema, taratibu, "Mzee, acha."

Yustina hakumpenda mtu anayeingilia sala ya chakula. Akamwambia, "Mzee, kambini wanakupa mahindi ya msaada, na huku unakuja kukagua vyungu vya watu?"

"Mahindi ya msaada nayala kwa sababu sina shamba, mama," akasema mzee. "Wewe unalo. Na hapo unakula mbegu ya mtu ambaye hana nyingine."

Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Kulimeza dhambi, kulitema matusi. Nikabaki nalo shavuni kama mtoto mwenye jino bovu. Jamaa mmoja kando yangu alinong'ona kwamba dunia imekwisha, leo mkimbizi anatufundisha Ukristo, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Yustina akamgeukia Mama Paskali. Sauti ya kengele ilikuwa imepotea. Akamwuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini?" akajibu. "Mmebisha hodi."

Hilo tu. Wala hakulia. Alilisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha, na akaanza kukusanya vyombo.

Mzee akakaa chini kwenye kinu kilicholala, akatuangalia mmoja mmoja, na mimi akaniangalia shati. Akasema, "Mnasema mnakuja kumpumzisha. Huyu ameamka gizani kufagia, ameteka maji, ameazima viti, amekoka moto, na huku anamwangalia mtoto. Siku nyingine anapumzika kidogo. Jumatano ndiyo inamuua. Nyinyi ndio mnaopumzika hapa." Akasimama kutoka kwenye kinu. "Mkitaka kurudi, msibishe hodi. Asiyekaribishwa halishwi." Akajitwika kuni zake, akapotea migombani.

Njiani Yustina alimtukana yule mzee kwa mambo mengi, mengine ya kweli. Alisema ana kiburi, amekuja nchi ya watu, hana hata adabu ya kusalimu. Sisi tulimfuata nyuma. Tulipofika kijitoni akakaa juu ya jiwe, akavua viatu vyake vya kanisani. Akasema, "Kesho njooni na majembe. Na kila mtu afungue chungu chake cha mbegu."

Mwanangu, kuingia mji wa mtu bila hodi ni kazi nzito kuliko kulima. Kwetu anayeingia hivyo ni mwizi au mchawi. Asubuhi ile tulijipanga kule nyuma migombani, nguo za shamba, majembe begani, kila mmoja na konzi mbili tatu za mbegu zenye majivu ndani ya kitambaa, na hakuna aliyetaka kutangulia. Hatimaye Yustina akatangulia, akaingia jikoni moja kwa moja. Mama Paskali akashtuka, akafungua mdomo aseme karibuni, na Yustina akamwekea kiganja mdomoni.

"Usituambie karibu. Hatujafika sisi. Hujatuona."

Mama Paskali akasema kiganja kikiwa bado mdomoni, watu watanicheka, watasema nimewageuza watu wa kanisa vibarua wangu. Yustina akamjibu, "Waambie waliingia wezi, wakakuibia magugu yote."

Nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia yule mama akicheka, na alicheka huku machozi yanatoka. Kisha akataka kuinjika chungu. Mkono wa mtu una mazoea yake. Tukamnyang'anya chungu. Akataka fagio, tukamnyang'anya fagio. Akabaki amesimama katikati ya jiko lake, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Wakati huo Mzee Anastazi alikuwa ameshaingia kwa nyuma, hata hakutusalimu, amekaa chini amemweka Paskali mapajani, kichwa kimeegemea mkono wake vizuri, anamlisha uji. Mama Paskali alimtazama mtoto, akamtazama tena. Halafu akaenda ndani akalala.

Alilala, mwanangu. Jua likapanda, likasimama, likaanza kuinama, yeye amelala. Jirani akaja kutuuliza kwa wasiwasi kama kuna msiba. Hata mimi niliingiwa na hofu, nikatoka shambani nikaenda kutega sikio dirishani. Nikasikia anakoroma kama mwanamume. Sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule, na mimi nimecheza ngoma nyingi. Huku nyuma majembe yalikuwa yanagonga mawe, kwaa, kwaa, shamba lile lina mawe mengi, na Paskali mapajani kwa mzee alikuwa anacheka kila jembe, mpaka mzee naye akashindwa kujizuia.

Maharage yale yaliota. Yalikuwa ya rangi mchanganyiko, mekundu, ya njano, yenye madoadoa, kwa sababu kila chungu kilitoa yake, na tangu hapo mbegu ya Mama Paskali haikuwa na jina. Baadaye tulikwenda na kwenye nyumba nyingine, hata watu wa Bukiriro wakasikia wakaanza zao. Mzee akawa mmoja wetu. Tulimpatia jembe, akawa analiacha pale pale jikoni kwa Mama Paskali. Siku akilima alimwita Paskali bwana shamba, anamwambia kwa ukali, bwana shamba, huu mstari umenyooka au haukunyooka? Na kabla ya kuondoka aliligonga jembe kwenye jiwe ili bwana shamba acheke.

Sasa nasaha, maana najua vijana mnapenda kuruka hadithi mkatafute nasaha chini. Vueni hizo sare. Sijasema mzichome, zivaeni siku ya maandamano. Kwenye nyumba ya mama aliyechoka ingieni kwa mlango wa nyuma, na maji yenu, na chakula chenu, na jembe kama ni msimu wake. Msimwulize tumsaidie nini, atajibu hakuna, sisi sote tumefundishwa kujibu hakuna. Mtazame penye moto wake, mtazame amemwaga nini kwenye shina la mgomba. Na mtoto mzoeeni kwanza mama yake akiwepo, mjue kichwa kinashikwaje, anachekea nini, analilia nini. Mama hapumziki kwa sababu mmemwambia apumzike. Anapumzika akiona mtoto wake ametulia mkononi mwa mtu anayemjua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami naamini kuna mgeni wa namna hiyo. Lakini yupo pia anayepona yeye, mwenyeji akabaki na vyungu vitupu, na mgeni huyo mara nyingi ndiye anayeimba vizuri zaidi. Ukisikia watu wanakupigia makofi kwa huruma yako, mwanangu, rudi haraka ukaangalie kama hujala mbegu ya mtu.

Mungu akupe mikono inayoijua kazi kabla ya kuonyeshwa. Akupe masikio ya kusikia asichokisema mwenye aibu. Siku utakapochoka wewe, na itafika, aje mtu kwako kimyakimya kwa mlango wa nyuma, akunyang'anye fagio, nawe ulale mpaka jirani waulize kama kuna msiba. Amina.

Sijakuambia mwisho wa Mzee Anastazi.

Wakimbizi walipoambiwa warudi kwao, barabara ilijaa watu tangu alfajiri, vichwa na mizigo, huoni mwanzo huoni mwisho. Mzee alikuja asubuhi ile kwa nyuma, kama siku zote. Alimwogesha Paskali, akampaka mafuta, akamlisha uji wote bila haraka. Mama Paskali alikuwa anapepeta maharage. Mzee akalichukua jembe lake, akaligonga kwenye jiwe, kwaa, Paskali akacheka. Akaligonga tena. Kisha akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, akamwambia Mama Paskali, "Naenda mara moja."

"Haya mzee," akajibu, hata hakuinua macho. Anayeaga ni mgeni, na yule hakuwa mgeni pale.

Mimi nilikuwa juu shambani, nikamwona akipita kwenye mpaka wa maharage, akiukwepa mche mmoja uliolalia njia. Nikadhani anakwenda kuni. Akashuka mpaka barabarani, akaingia kati ya watu, akaenda.